Radhi Isiyo na Mate

Wifi yangu Anyesi amezaliwa Zuzu, hapa pembeni ya Dodoma, amekulia Zuzu, na Mungu asipomchoka mapema atazeekea hapo hapo hadi afe. Katika maisha yake yote sijapata kumsikia akisifu kitu. Baba yake alikuwa kwenye genge la kutengeneza reli, na Anyesi akiwa msichana aliuza karanga na mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabehewa. Ukimuuliza habari za enzi hizo atakwambia abiria walikuwa wezi. Ukimuuliza kuhusu treni mpya ya umeme atakwambia inapita mbio kwa sababu waliomo ndani wanaona kinyaa kututazama. Serikali ilipohamia Dodoma na watu wakashangilia, yeye alisema tumeletewa foleni na vumbi la kigeni. Hata zabibu zake mwenyewe, anazozilima kwa mkono wake, anasema ni chachu.

Mimi ni Priska, nimeolewa na mdogo wake wa mwisho, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Siku nilipoletwa katika ukoo huu, bibi harusi Mkatoliki kutoka Bahi katikati ya Waanglikana, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akawaambia wenzake, "Angalau ana meno." Sijamsamehe, na wala hajaniomba.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani namletea habari za bibi kizee mwenye busara. Anyesi hana busara. Ana mdomo. Na yote ninayoyasimulia hapa yanahusu mdomo huo, na jinsi ulivyoshindana na simu.

Kaka yake aliyemfuata kuzaliwa, Bartolomayo, alikuwa mzee wa kanisa na mtu mgumu. Alipata watoto wawili, Joshua na Raheli. Mama yao alifariki wakiwa bado wadogo, na Anyesi, ambaye mume wake alikwenda kuvua samaki Mtera akanogewa huko asirudi, ndiye aliyewalea. Aliwalea kwa kuwasema. Watoto walikua vizuri hata hivyo, maana mtoto anaweza kuzoea hata mvua ya mawe.

Raheli akampenda Abubakari, Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa alizeti, kijana mtulivu ambaye hata leo sijasikia mtu akimlalamikia. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba siku za Ijumaa alikuwa msikitini. Raheli akaolewa naye, akasilimu, huko wakampa jina la Mishi. Alipokuja kumweleza baba yake, Bartolomayo alisimama mlangoni akamwambia, "Mlango huu umeufunga mwenyewe. Radhi yangu nimeiondoa. Usije nikiwa hai, na usije nikifa." Anyesi alikuwa uani anapepeta uwele. Hakusimamisha ungo. Alisema neno moja tu, "Sawasawa," akaendelea kupepeta.

Bartolomayo alikufa miaka michache baadaye kwa presha. Siku ya mazishi Raheli alikuja, akasimama uani kwa jirani, akasikiliza nyimbo akiwa upande wa pili wa ua wa michongoma. Mimi nilimpelekea maji ya kunywa. Waombolezaji wengine wote walikuwa wanamwona, na wote walijifanya wanatazama jeneza. Watu wa dini hawa.

Sasa, katika ukoo huu mzazi akiondoa radhi, hairudishi kwa barua wala kwa kutuma mtu. Anamweka mtoto mbele yake, anasema kosa lilikuwa nini, anasema limekwisha, kisha anajaza maji kinywani na kumpulizia kifuani. Yale maji yaliyochanganyika na mate yake ndiyo radhi yenyewe. Baba akifa kabla ya kufanya hivyo, kazi hiyo ni ya dada yake mkubwa. Hakuna asiyejua. Mchungaji anajua, na huwa anatazama pembeni. Kwa hiyo tangu Bartolomayo azikwe, radhi ya Raheli ilikuwa imekaa kinywani mwa Anyesi, na kinywa hicho kilikuwa kinafunguka kwa kila jambo isipokuwa hilo.

Mwaka huu Raheli na mumewe walipata safari ya Hija. Wenzetu hawa kabla ya kwenda Makka huzunguka kwa watu kuomba radhi, kwa majirani, kwa waliogombana nao, kwa kila mtu, maana hujui kama utarudi. Raheli akaanza kwa kaka yake. Alimwambia Joshua kwamba majirani wote wa Kondoa wamemsamehe, hata yule aliyegombana naye kwa ajili ya mbuzi, lakini hawezi kusimama mbele ya Mungu huku baba yake amemfungia mlango. Alilia sana. Joshua anampenda dada yake, hilo siwezi kumnyima. Lakini Joshua ni mtu wa kompyuta, anafanya kazi mjini kwenye ofisi yenye viyoyozi, na watu wa aina yake wakiona mtu analia hufikiri kuna kitu cha kubonyeza.

Marehemu hakupenda kuandika. Kila alichotaka alikituma kwa sauti kwenye simu: leteni dawa ya mbuzi, nani amechukua koleo langu, ibada ya Jumapili imebadilika saa. Joshua alikuwa amezitunza zote. Akazilisha kwenye ile akili mnemba yake, akaifundisha iongee kama baba yake, kisha akatuita Jumamosi mchana nyumbani kwa marehemu.

Tulikuwa wachache. Raheli na Abubakari, mimi, Anyesi, na Mchungaji Daudi aliyealikwa kuweka baraka. Huyu Daudi tunamjua. Tangu anunue simu kubwa, mahubiri yake yamekuwa marefu na laini. Jumapili moja, kwa mujibu wa wifi zangu, alihubiri kwamba neema huja taratibu kama theluji inavyoyeyuka kwenye bustani zetu. Hapa Zuzu. Mwezi wa kumi, mbuzi wanalamba ukuta kwa kiu. Waumini walisema amina kwa sababu walikuwa na njaa.

Joshua aliiweka simu mezani, juu ya kitambaa kilichodariziwa, chini ya picha ya baba yake. Akasema, "Naomba msiogope. Ni teknolojia tu." Akabonyeza.

"Mwanangu Raheli," ikasema simu.

Ilikuwa sauti yake, na kile kikohozi chake kifupi cha kusafisha koo kabla ya kuanza jambo. Raheli alishika mkono wa mumewe.

"Mwanangu mpendwa, nimekusamehe kwa moyo wangu wote. Nenda salama katika safari yako. Najivunia mwanamke uliye sasa."

Mchungaji Daudi akasema, "Amina." Kisha akakumbuka cheo chake, akasogea kwenye kiti. "Lakini hapa pana suala la kiimani. Maandiko yanakataza kuita wafu. Sasa sijui tuseme huyu ni mfu, au ni chombo. Kama ni chombo, hakina roho, na kama hakina roho..." Nadhani alikuwa anaitazama simu yake mwenyewe iliyokuwa pajani.

Abubakari aliuliza kwa upole, "Shemeji, samahani. Baba mkwe aliyasema hayo lini?"

"Hakuyasema kwa maneno hayo hayo," alijibu Joshua. "Lakini ime-learn jinsi alivyokuwa anaongea. Ni kama angekuwepo, angesema hivyo."

"Angesema," alirudia Abubakari.

Ndipo Anyesi alipoinama mezani, karibu kabisa na simu, kama anayeongea na mtu aliyetumbukia kisimani. "Bartolomayo. Huko unakula nini?"

"Nakula vizuri, dada yangu mpendwa. Asante kwa kuuliza."

Anyesi alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Asante kwa kuuliza! Nimempikia mlenda mtu huyu miaka na miaka, hajawahi kuniambia asante. Kumbe alikuwa anangoja afe."

Hata mimi nilicheka. Joshua hakucheka, na Raheli hakucheka. Raheli aliisogelea simu akapiga magoti sakafuni, jinsi ambavyo angepiga magoti mbele ya baba yake. Akauliza, "Baba, siku ile mlangoni ulinikataa kwa nini?"

Kisha sauti ile ya Bartolomayo, ya Bartolomayo kabisa, ikasema, "Sikuwahi kukukataa, mwanangu. Siku zote nimekupenda jinsi ulivyo."

Raheli alinyanyuka. Uso wake ulikuwa mkavu. Nilitegemea machozi na nikaona kitu kingine, ambacho nikilazimika kukitaja nitasema ni hasira ya mtu aliyeibiwa.

"Huyu si baba," alisema. "Baba alinikataa. Nilikuwepo. Kama hakunikataa, mimi miaka yote hii nalia nini? Na kama hakuna kosa, hapa nasamehewa nini?"

"Dada, hiyo naweza kurekebisha," alisema Joshua haraka. "Sikuwa nimeiambia habari za ugomvi. Nikiiambia, itakumbuka. Nipe dakika kidogo."

Nimewahi kusikia mambo ya kipuuzi katika nyumba hii, lakini hilo lilinitia baridi. Mtoto anamfundisha baba yake aliyekufa akumbuke dhambi yake, ili aweze kumsamehe binti aliyemfukuza yeye mwenyewe. Na mchungaji amekaa hapo hapo, anafikiria kama ni roho au ni umeme, wakati jambo lenyewe lilikuwa limevuliwa nguo mbele ya macho yake.

Anyesi alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Hangaika nacho mpaka kesho, Joshua," alisema. "Kinakohoa, kinashukuru, kinapenda watu. Mate hakina. Utapuliziwa nini na kioo?"

"Wewe unayo, shangazi," alisema Raheli.

Raheli alichukua bilauri ya maji mezani, akapiga magoti tena, safari hii mbele ya Anyesi, akampa kwa mikono miwili.

Anyesi aliipokea. Alijaza maji kinywani, mashavu yakavimba, akasimama hivyo. Nilimtazama wifi yangu, na naapa ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue kumwona yuko kimya huku macho yake yakiwa yamefunguka. Raheli alifumba macho, akainua kifua.

Anyesi akameza.

"Maji yenyewe ya chumvi," alisema, akaweka bilauri mezani, akatoka kwenda kwenye zabibu zake.

Mimi si mtu wa kuficha. Nilimchukia. Nilimfuata hadi shambani nikamwambia kwamba ile simu aliyoicheka imemzidi, maana yenyewe ilikuwa ya uongo lakini angalau ilithubutu kusema. Yeye mwenye mate, mwenye haki, mwenye uhai, amekunywa radhi ya mtoto wa kaka yake kama maji ya kiu. Alikuwa anakata vikonyo vya mzabibu kwa kisu. Aliniambia nimsogelee kidogo, nikasogea, akasema, "Unanizibia jua."

Raheli na mumewe walirudi Kondoa jioni ile ile.

Wiki ya safari ilipofika, Joshua alikuwa kwangu anakula chakula cha mchana, amenyong'onyea, maana dada yake alikuwa hapokei simu zake. Anyesi akaingia bila hodi. Hakusalimia. Alivuta kigoda akaketi karibu na Joshua, akasema huku akitazama ukuta, "Kile kidude chako. Kinaweza kusema kwa sauti ya mtu aliye hai?"

Joshua aliacha kutafuna. "Kinaweza, shangazi."

"Basi kiseme kwa sauti yangu. Kimwambie Raheli yale maneno. Umtumie kabla hajaondoka."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliuweka chini ili nisije nikapata kishawishi. Mwanamke yule yule, aliyecheka mpaka khanga ikadondoka, sasa anataka kukitumia kile kile alichokitukana. Nilitaka kuwaita majirani waje kumtazama.

Joshua, maskini, alifurahi. Alitoa simu, akaisogeza mdomoni mwa shangazi yake. "Ni rahisi. Inatakiwa ikusikie kwanza uongee kidogo ndipo ishike sauti. Sema chochote. Hata hayo hayo maneno unayotaka iseme, yanatosha."

Anyesi aliitazama simu. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena, ikatoka hewa tu. Mdomo ule ambao haujawahi kukosa la kumwambia mkuu wa wilaya, askofu, wala treni.

"Kama ningeweza kuyasema," alisema hatimaye, "ningekuwa nakutafuta wewe?"

Joshua aligeuza simu akaitazama mgongoni. Kwenye kompyuta hawafundishwi hilo. Nikajibu mimi, na sikumhurumia. "Shida yako ni nini, wifi? Hasira kwa Waislamu? Mbona alizeti yao unakula?"

"Waislamu wamenifanya nini," alisema. Alikuwa anakunja pindo la khanga yake na kulikunjua. "Nikimfungulia leo, itajulikana kwamba nilikuwa na uwezo wa kumfungulia siku zote. Siku ile ningeweza kusimamisha ungo. Bartolomayo alikuwa ananisikiliza. Ningemwambia acha, angeacha. Nikasema sawasawa."

Alisema hayo kwangu na kwa mtoto wa kaka yake, na simu ikiwa bado imewaka mbele yake. Joshua alinyoosha mkono taratibu, nadhani alitaka kuangalia kama imerekodi. Nilimpiga kofi mkononi.

"Umeshasema," nilimwambia Anyesi. "Umesema kwa mtu asiye sahihi, lakini umesema. Treni yao ya kuwapeleka kwenye ndege ni keshokutwa asubuhi."

Msafara wa mahujaji wa Kondoa ulishuka kwenye basi mbele ya stesheni ya treni ya umeme, wanaume kwa wanawake, mabegi yao yamefungwa utepe wa rangi moja. Tulikuwa tumekwisha kufika, mimi, Joshua na Anyesi. Anyesi alikuwa amebeba chupa ya juisi iliyojazwa maji kutoka nyumbani, kwa sababu maji ya dukani, alisema, yamechujwa hata utu. Alilaani jengo, alilaani vioo vyake, alimuuliza mlinzi kama sakafu hiyo huwa inalambwa. Nilijua anaogopa.

Abubakari alituona kwanza. "Shikamoo shangazi. Shikamoo mama mdogo." Akapokea begi la mkewe, akarudi nyuma hatua kadhaa na kuwaomba wenzake wasubiri. Kijana huyo ana adabu kuliko sisi wote tuliobatizwa tukiwa wachanga.

Raheli alisimama mbele ya shangazi yake katika buibui lake jeusi. Hakupiga magoti. Alikwisha kupiga magoti mara mbili, mara moja kwa simu na mara moja kwa mtu, na sikumlaumu.

Joshua akainua simu yake, kwa mazoea tu, ili apate kumbukumbu.

"Weka chini," alisema Anyesi bila kumtazama.

Akaiweka mfukoni.

"Baba yako alikukataa," Anyesi alimwambia Raheli. Sauti yake ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, haikuwa na mpendwa wala mpenzi ndani yake. "Mbele ya mlango, mchana, mimi nikiwepo. Alikosea. Ningeweza kumzuia, nikasema sawasawa. Nikakuacha kwenye uzio siku tunamzika, nilikuona. Na Jumamosi ile nikameza. Mimi ni dada yake mkubwa. Alichofunga nimekifungua. Na changu pia, kama utakubali."

Mahujaji walikuwa wanatazama. Mlinzi alikuwa anatazama. Raheli alitikisa kichwa kukubali.

Anyesi alifungua chupa, akajaza kinywa, akampulizia. Alipulizia vibaya, kwa nguvu nyingi, maji yakaenea kifuani, kidevuni na kwenye mtandio, na mengine yakatiririka kwenye kidevu chake mwenyewe. Raheli alilia sasa, kwa sauti, na Anyesi akamwambia aache kupiga kelele mbele za watu. Halafu naye akalia.

Kipaza sauti kikaita abiria, kwa sauti ya mwanamke ambaye hayupo popote, tamu, isiyokosea herufi hata moja. Abubakari alimletea mkewe leso. Raheli aliipokea, akaikunja, akaitia mkobani, akaingia ndani ya stesheni na kifua chake kimelowa.